Kwa treni ya TAZARA hadi Wusakile: kuifuata Nkana nyumbani kwake

Jumanne, 11 Disemba 2018. Dar es Salaam

Treni ya Kilimanjaro imeondoka kituo cha TAZARA mchana huu, behewa letu la daraja la pili likiwa limejaa mpaka vitanda vya juu. Ninakwenda Kitwe, Zambia. Jumamosi Simba inacheza huko na Nkana FC, mechi ya kwanza kati ya mbili za Ligi ya Mabingwa Afrika. Atakayeshinda kwa jumla ya mabao anaingia hatua ya makundi, atakayetolewa anaangukia Kombe la Shirikisho. Simba imefika hapa kwa kuichapa Mbabane Swallows ya Eswatini nje ndani. Nkana imeitoa UD Songo ya Msumbiji.

Kikosi kinasafiri kwa ndege. Mimi nimeitaka reli, maana reli hii na Nkana ni watu wa ukoo mmoja. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia ya Ian Smith wala nchi zilizokuwa bado mikononi mwa Wareno. Shaba yenyewe inachimbwa Copperbelt, na mgodi wa Nkana ni mmoja wa migodi mikongwe ya huko. Timu ni mtoto wa mgodi huo.

Nimeipenda Simba tangu utotoni, na Simba ni timu ya wanachama: kuna kadi, kuna matawi, kuna mikutano mikuu inayoisha usiku. Sijawahi kuona kwa macho yangu timu iliyozaliwa na kampuni ya madini, ikalishwa na kuvishwa na kampuni hiyo, kisha kampuni ikauzwa na timu ikabaki. Mabao nayataka, lakini hilo nalitaka zaidi.

Chumbani tupo wanaume sita. Wa kitanda cha chini, upande wangu, ni fundi wa magari wa Mbeya anayekwenda kumsalimia baba yake mkubwa Kitwe. Ni Yanga damu. Hajanificha: Jumamosi anaishangilia Nkana, na amenunua jezi nyekundu kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa ajili hiyo. Yanga kuvaa nyekundu! Chumba kizima kimemcheka, naye amecheka pamoja nasi.

Jua limezama tukiwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Twiga wawili walisimama karibu na reli, wakatutazama tukipita.

Jumatano, 12 Disemba. Mlimba, Mbeya, Tunduma

Nimeamshwa na giza ndani ya giza. Kutoka Mlimba kupanda Makambako treni inaingia handaki, inatoka, inavuka daraja, inaingia handaki lingine, na kati ya handaki na handaki unaona bonde chini kabisa likiwa na ukungu. Baridi imeingia dirishani na kila mtu amevuta shuka.

Makambako tumenunua viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Mchana tumefika Mbeya, akina mama wakakimbia sambamba na mabehewa wakiwa na ndizi, maparachichi na mchele wa Kyela. Nusu ya waliotoka Dar wameshuka.

Kuanzia hapo fundi ameanza kunieleza habari ya kwao, na nimezima simu ili nimsikilize vizuri. Babu yake alitoka Rungwe miaka ya 1940 kwenda kuchimba shaba. Wanyakyusa wengi walikwenda wakati ule. Kodi ya kichwa ilikuwa lazima ilipwe kwa fedha, na fedha ilikuwa migodini. Walikwenda kwa mguu na kwa malori, wakafanya kazi chini ya ardhi, wengine wakarudi na baiskeli na cherehani, wengine wakaoa huko na hawakurudi. Babu yake ni katika hao wa pili. Ndiyo maana ana baba mkubwa aliyezaliwa Kitwe, anayezungumza Kibemba kuliko Kinyakyusa, na ambaye kwa miaka yote hii timu yake ni moja tu.

Tunduma tumefika jioni. Maafisa wa uhamiaji wamepanda ndani ya treni, wakagonga mihuri kitanda kwa kitanda, na nyuma yao wakaja wabadilisha fedha na vibunda vya kwacha. Upande wa pili, Nakonde, tumerudisha saa nyuma kwa saa moja.

Alhamisi, 13 Disemba. Kasama, Mpika, Kapiri Mposhi

Siku ndefu ya miombo. Mvua imenyesha tangu alfajiri, msitu wote ni kijani kibichi, na kwenye kila kituo watoto wanauza maembe kwenye ndoo za plastiki.

Kasama tulipita kukiwa bado giza. Hapo ndipo nyumbani kwa Wabemba, na kutoka Kasama na Mpika ndiko walikotoka maelfu ya vijana waliojaza migodi ya Copperbelt tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Kwa hiyo mtu anayepanda treni hii kutoka Dar, kabla hajaiona Kitwe, anapita kwanza vijijini kwa mababu wa watu atakaowakuta jukwaani. Sikuwa nimelifikiria hilo nikiwa Dar nikinunua tiketi.

Behewa la chakula limebadilika. Jana lilikuwa wali na kuku, leo ni nshima, yaani ugali, na samaki. Tumekaa meza moja na mwanajeshi mstaafu wa Lusaka aliyetuambia, bila kuulizwa, kwamba yeye ni wa Green Buffaloes, timu ya jeshi, lakini Nkana ikicheza na timu ya nje ya Zambia anaishangilia Nkana. Nimemtazama fundi. Fundi ametazama sahani yake.

Kapiri Mposhi usiku. Tumelala gesti ya jirani na kituo.

Ijumaa, 14 Disemba. Kitwe

Basi la asubuhi limepita Ndola, kisha barabara pana ya njia mbili hadi Kitwe. Pembeni mwa barabara akina mama wameinua uyoga mkubwa kama sahani ili madereva wauone. Malori yanayopishana nasi yamebeba mabamba ya shaba, na namba za Tanzania zimo nyingi. Dereva mmoja tuliyekutana naye kwenye kituo cha mafuta, mtu wa Mbagala, ametuuliza jambo moja tu: Chama ataanza?

Swali hilo nimelisikia tena na tena mchana kutwa. Clatous Chama ametoka Lusaka Dynamos kuja Simba mwaka huuhuu, na Wazambia wanataka kujua tunamtunza vipi. Sisi nasi tunauliza habari za Hassan Kessy, aliyewahi kuvaa jezi ya Simba na ya Yanga na ambaye sasa ni mchezaji wa Nkana.

Wusakile iko kusini mwa mji, ukivuka reli ya mgodi. Ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wachimbaji Waafrika, nyumba ndogondogo zilizopangwa kwa mistari, kila moja na mwembe wake. Mnara wa mgodi wenye magurudumu ya kuteremshia watu unaonekana kutoka karibu kila mlango. Na nyuma ya nyumba kuna mlima mweusi. Ni takataka za kuyeyushia shaba, zilizorundikwa kwa miongo mingi mpaka zikawa mlima kweli, na jina lake ni hilohilo, Black Mountain. Ndani yake bado kuna shaba kidogo, na vijana wanaoitwa majerabo wanaichokonoa. Juni mwaka huu sehemu ya mlima iliporomoka ikaua vijana 10. Kwenye baadhi ya nyumba tulizopita msiba bado ni mbichi.

Baba mkubwa wa fundi ametupokea mlangoni. Ni mzee mrefu, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Fundi amepiga goti kidogo na kupiga makofi mawili kama desturi ya huko, nami nimefuata. Kiswahili anakijua, cha kwao cha Mbeya kidogo na cha Lubumbashi kingi, kwa sababu wafanyabiashara wa Kongo wamejaa sokoni Kitwe. Alipojua mimi ni Simba alinyamaza kwanza, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mgeni wangu mpaka kesho saa tisa. Saa tisa tutaonana baadaye."

Jioni amenipeleka kuuona uwanja. Ni mwendo wa dakika chache kutoka kwake. Zamani uliitwa Scrivener, sasa ni Uwanja wa Nkana, na unaingiza watu kama elfu kumi. Nimesimama kwenye lango nikapima kwa macho: kutoka mstari wa pembeni hadi kwenye benchi la kwanza la jukwaa, mtu anaweza kumshika mpiga kona bega. Uwanja wetu wa Taifa kule Dar unaingiza elfu sitini na mchezaji akianguka unamwona kama mchwa. Hapa akianguka utasikia anavyopumua.

Jumamosi, 15 Disemba. Siku ya mechi

Tangu asubuhi mtaa ni mwekundu. Hilo ndilo lililotusumbua sisi Simba wachache tuliofika: rangi yetu ndiyo rangi yao. Nkana kwa miaka mingi ilijulikana kama Nkana Red Devils, na hadi leo nyekundu ni yao. Nimetembea nimevaa jezi ya Msimbazi kutoka nyumbani kwa mzee hadi langoni, na watu wamenisalimia njia nzima wakidhani ni mwenzao. "Kalampa!" wananiita. Kalampa ni jina la utani la timu yao. Nimeitikia kwa kupunga mkono, na wengine waliposoma kifua changu wamecheka wakanipiga mgongoni.

Langoni kuna mzee amevaa kofia ngumu ya mgodini aliyoipaka rangi nyekundu, na taa ya kichwani bado ipo, anaiwasha kila mtu anapomsogelea. Akina mama wanauza karanga za kuchemsha na mahindi ya kuchoma. Tumekaa upande ambao wageni tumetengewa, kundi dogo lenye ngoma moja. Fundi amekwenda kukaa na baba yake mkubwa.

Nimewasikia mashabiki wa Taifa wakiimba tangu nikiwa mtoto, na bado kelele za hapa zimenishtua. Haziji kwa mawimbi. Zinaanza dakika ya kwanza na hazikatiki, ni wimbo juu ya wimbo kwa Kibemba, wanaume kwa sauti nzito chini na wanawake juu, kama kwaya ya kanisa iliyopandwa na hasira. Mpira ukitoka nje hawangojei urushwe, wanaendelea. Nimeelewa kwa nini timu nyingi kubwa za Afrika zimekuja Wusakile zikaondoka mikono mitupu.

Nkana walitukaba juu. Kocha wao, Beston Chambeshi, aliwahi kuichezea klabu hiihii, na timu yake inacheza mpira wa haraka unaopita pembeni, krosi mapema, mtu wa pili anafika. Sisi tulitaka kupiga pasi fupi, na kwenye nyasi zile pasi fupi ilikuwa inafika nusu sekunde imechelewa. Bao la kwanza likaingia kipindi cha kwanza. Nimelisikia kabla ya kuliona, maana watu wa mbele yangu walisimama. La pili likaja baada ya mapumziko, na hapo jukwaa lote lilitikisika kwa miguu.

Ikiwa 2-0 nilianza kufanya hesabu ya marudiano. Mabao matatu Dar, bila wao kupata. Inawezekana, lakini ni mlima. Kisha ikaja penalti. John Bocco akauweka mpira, akarudi nyuma hatua zake, na kwa mara ya kwanza tangu mechi ianze uwanja ukanyamaza. Akafunga. Kundi letu dogo lilipiga ngoma yake ile moja mpaka ngozi ikalegea.

Imeisha 2-1. Tumefungwa, na tumetoka tukiimba, kwa sababu bao la ugenini lina uzito wake jumla zikilingana, na kila mtu pale alilijua hilo, wao na sisi. Nje ya lango mzee wangu alinisubiri. Amenipa mkono wenye vidole vitatu, akasema bao lile moja litawaumiza. Hakulala vizuri, nilimsikia akitembea ukumbini usiku.

Jumapili, 16 Disemba. Nyumbani kwa mzee

Baada ya ibada tumekaa chini ya mwembe, na nimepata nilichokifuata.

Timu ilianza 1935, mzee anasema, enzi ya kampuni ya Rhokana, na kwa muda mrefu ilibeba jina la kampuni: Rhokana United. Wazungu wa mgodi walitaka wachimbaji wawe na kitu cha kufanya siku ya mapumziko zaidi ya kunywa na kulalamika. Mwaka huohuo wa 1935 wachimbaji wa Copperbelt waligoma kwa mara ya kwanza, na 1940 waligoma tena, na hapa Nkana watu walipigwa risasi wakafa. Baba yake alifika miaka michache baadaye akayakuta mazungumzo hayo bado ni ya kunong'ona. Mpira haukuyafuta. Lakini uwanjani, anasema, ndipo mahali pekee ambapo mtu aliyetoka Kasama, aliyetoka Rungwe na aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, walipiga kelele moja.

Rais Kaunda alipochukua hisa kubwa za migodi kwa niaba ya serikali mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye kampuni zote zikaunganishwa 1982 kuwa ZCCM, shirika la migodi la serikali, timu zikawa mali ya taifa kwa mlango wa nyuma. ZCCM ililipia kila kitu: hospitali, shule, taa za barabarani, bwawa la kuogelea, na mpira. Mchezaji alikuwa mwajiriwa wa mgodi. Asubuhi ana namba yake ya kazi, mchana yuko mazoezini, na akistaafu mpira kazi inamsubiri. Nimemuuliza mzee kama wachimbaji wenyewe hawakuona wivu. Amenishangaa. Wivu wa nini, wakati kijana anayefunga Jumapili ndiye atakayekuwa naye kwenye lifti ya mgodi Jumatatu?

Hapo ndipo Nkana ilipokuwa Nkana. Ubingwa wa Zambia 1982, 1983, 1985, 1986, kisha mitatu mfululizo kuanzia 1988 hadi 1990, na mingine miaka iliyofuata. Mzee anaitaja miaka hiyo akikunja vidole, na vikiisha anaazima vya mjukuu wake. Anamtaja Bernard Chanda wa enzi za Rhokana, aliyeibeba Zambia hadi fainali ya Afrika 1974. Anamtaja Kenneth Malitoli na Gibby Mbasela. Akifika Disemba 1990 anasimama, hawezi kuisimulia ameketi.

Fainali ya Klabu Bingwa Afrika, Nkana na JS Kabylie ya Algeria. Walifungwa 1-0 Algiers. Wakarudi Lusaka, wakashinda 1-0, na mzee alikuwapo, alisafiri na basi la mgodi pamoja na wenzake wa zamu ya usiku. Penalti. Kabylie 5, Nkana 3. Kombe likapanda ndege likaenda zake. Mwaka uliofuata jirani zao wa Kitwe, Power Dynamos, wakachukua Kombe la Washindi, wakawa timu ya kwanza ya Zambia kutwaa taji la Afrika. Nimeona usoni mwake kwamba hilo la pili ndilo lililouma zaidi.

Nami nimempa la kwetu. Simba, Kombe la CAF 1993, sare ya 0-0 Abidjan na Stella, watu tukaanza kusherehekea kabla, tukafungwa 2-0 nyumbani. Amenishika goti. Halafu nikamkumbusha 1979, Mufulira Wanderers walipotufunga 4-0 Dar es Salaam, nchi nzima ikatuzika, tukaja Zambia tukashinda 5-0, Thuwein Ally akiwamo katika wafungaji. Anaikumbuka vizuri kuliko mimi niliyesimuliwa. Mufulira ni jirani tu na Kitwe, anasema wiki ile wachimbaji wa Nkana waliwacheka wale wa Mufulira ndani ya mgodi mpaka mabosi wakaingilia.

Mwaka 1993 hakutaka kuuzungumza sana. Ndege ya timu ya taifa ilianguka Gabon Aprili 27, watu 30 wote wakafa, na Nkana ilikuwa na vijana wake humo.

Kisha migodi ikauzwa. Nkana na Mufulira zilinunuliwa na kampuni ya Mopani mwaka 2000. Watu wengi walipunguzwa kazi, mzee akiwa mmoja wao, na wengine wakauziwa nyumba walizokuwa wakiishi badala ya kupewa mafao yote kwa fedha. Kampuni mpya ikaendelea kuidhamini timu, lakini udhamini si ulezi. Shaba ikipanda bei Uingereza kwenye soko la London, usajili unakuwa mzuri. Ikishuka, wachezaji wanasikia. Baada ya ubingwa wa 2001 Nkana ilikaa hadi 2013 ndipo ikapata mwingine, wa kumi na mbili. Miaka yote hiyo uwanja haukukosa watu. Wengi wao hawana tena kazi mgodini, wala watoto wao hawana. Mgodi umewatoka, na timu hawajaiachia.

Nilikuwa nimekuja na fikra kwamba timu ya kampuni haina wenyewe, kwamba mwenye hisa akiondoka inakufa. Sisi Simba wa Msimbazi na wale Yanga wa Jangwani huwa tunajivuna kuwa timu za wanachama. Wusakile hakuna aliyenionyesha kadi ya uanachama, lakini sijaona watu wenye timu yao kuliko hawa.

Jumatatu, 17 Disemba. Chisokone

Soko la Chisokone, kutwa nzima. Nimenunua chitenge kwa mama watoto. Wauzaji wa vitenge wawili walikuwa Wakongo wa Lubumbashi, Kiswahili chao kitamu, wakanipunguzia bei kwa sababu Simba tumefungwa. Nimeuona pia uwanja wa Power Dynamos, Arthur Davies, kwa nje tu.

Jumanne, 18 hadi Ijumaa, 21 Disemba. Reli ya kurudi

Treni imeondoka Kapiri Jumanne jioni. Fundi amebaki Kitwe mpaka mwaka mpya. Sehemu kubwa ya njia nimelala. Kwenye behewa la chakula kulikuwa na mashabiki wa Nkana wanaoifuata timu Dar kwa reli, vijana wanne na dada mmoja. Dada huyo hajawahi kuiona bahari, na tulipoanza kuteremka kutoka nyanda za juu alikuwa akiuliza kila kona kama ndiyo ile.

Ijumaa nimewapeleka Kivukoni. Aliingia majini na viatu.

Jumapili, 23 Disemba. Uwanja wa Taifa

Taifa imejaa tangu mchana. Nimewatafutia wageni wangu nafasi karibu na kundi la Nkana, nami nikaenda upande wangu.

Nkana wamepata bao la kwanza. Hapo hesabu ya Wusakile ikawa mlima kweli: 3-1 kwa jumla, na bao la ugenini lile tuliloimba nalo likawa halina faida tena. Jonas Mkude akasawazisha kwa shuti la mbali. Meddie Kagere akaongeza la pili. Sasa ni 3-3, kila timu na bao moja la ugenini, na ikibaki hivyo ni penalti. Kipindi cha pili kilikuwa mateso. Nkana walikaa chini, wakapumzika na mpira, wakatafuta shambulio moja la kutumaliza.

Dakika zikiwa zimebaki chache, mpira ukamfikia Chama ndani ya boksi, mgongo ukiwa golini. Hakugeuka. Aliupiga kwa kisigino, ukapita, ukaingia. Mtu mzima niliyekuwa nimekaa naye bega kwa bega bila kujuana alinibeba juu. Mzambia ametuingiza makundi, na amewatoa Wazambia wenzake.

Nilipopata nafasi nimekwenda kuwatafuta wale vijana. Dada wa bahari alikuwa analia na kuimba kwa wakati mmoja, wimbo uleule wa Wusakile, na polisi aliyesimama mbele yao alikuwa amevua kofia anawasikiliza.

Ijumaa, 28 Disemba. Dar es Salaam

Droo imefanyika Cairo. Simba tuko na Al Ahly, AS Vita na JS Saoura. Nkana wamepangiwa San Pedro ya Ivory Coast, mshindi anaingia makundi ya Shirikisho.

Fundi amepiga simu kutoka Kitwe akampa mzee. Jambo la kwanza aliloniuliza ni hiyo Saoura ni ya nchi gani. Nikamwambia Algeria. Akatoa maelekezo kwa dakika kumi nzima: tusikubali kufungwa mapema kule, tusiwaache wapumzike na mpira, na kama kuna namna yoyote tusifike nao kwenye penalti. Kisha akaniuliza kama mtu wa Dar anaweza kusaidia Nkana, maana alinisikia nikisifia kadi za Simba. Nimemtumia fundi pesa ya tiketi mbili za mechi ya San Pedro, ya mzee na ya mjukuu wake anayemwazima vidole.